Maji Hayapendi Kushtuliwa

Siku tulipomlaza Khotsa Nathani sebuleni kwake Lurambi ili watu wamuage, vitu vyote vya chumba kile vilikuwa vimeshatolewa nje, kama matanga ya kwetu yanavyotaka. Makochi yalikaliwa na wazee chini ya turubai, meza ilibeba mabirika ya chai, na saa ya ukutani ilishushwa na mtu ambaye hadi leo hatujamjua. Ndani palibaki jeneza, mikeka ya akina mama, na tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, limesimama ukutani palepale lilipokuwa nilipokuwa msichana, likitoa ule mngurumo wake mdogo wa pampu. Khotsa ndivyo tunavyomwita kaka ya mama. Huyu aliishi maisha marefu, akafa kitandani kwake akiwa ameshukuru, na sikuja kumlilia kama watu wasio na tumaini. Lakini binti yake Dama, muuguzi mstaafu mwenye mvi sasa, alinishika mkono mlangoni kabla sijaweka mkoba chini. "Dada Beka," akaniambia, "watu ni wengi. Niangalilie maji."

Kwa hiyo sikwenda kukaa na wazee wenzangu wa kanisa. Niliketi mkekani kando ya tangi, nikaweka kiganja kwenye kioo kama mtu anavyopima homa ya mtoto, nikaona joto ni lile lile. Mle ndani, juu ya jiwe lake, alikuwa Bibi. Hilo ndilo jina la tumbawe moja laini, la rangi ya uji wa wimbi, lenye umbo la uyoga mpana na maelfu ya vidole vidogo vinavyopunga maji yakipita. Nilipomwona mara ya kwanza angeenea kwenye kisahani cha chai. Sasa ana upana wa sinia. Nimefundisha Neno kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikaa chuo cha dini chini ya walimu wema ambao ninawaombea hadi leo. Lakini mtu akiniuliza subira nilijifunzia wapi, itabidi nimlete katika chumba hiki, nimwambie habari za ule mwaka mmoja niliomaliza kidato cha nne na kukaa hapa nikisubiri kuitwa chuoni.

Khotsa alikuwa amefanya kazi pwani, katika kampuni iliyouza samaki wa mapambo nchi za nje, na huko ndiko alikojifunza kufuga vitu vya baharini ndani ya kioo. Huko pia ndiko alikomwoa Kadzo, Mgiriama wa Kilifi, ambaye sisi sote tulimwita Mama Dama. Walirudi Kakamega kwa sababu shamba lilihitaji mwenyewe, na baada ya miaka kadhaa moyo wa Mama Dama ukaanza kuchoka. Daktari akamkataza safari ndefu. Mwanamke aliyezaliwa akisikia mawimbi akaambiwa hataona bahari tena, na Khotsa, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akanunua vioo, akatafuta kibali, akamletea. Bibi mwenyewe alitoka kwenye mwamba wa kwao. Nanga ilikuwa imemvunja, kaka yake Mama Dama akakiokota kile kipande, Khotsa akasafiri nacho kwenye basi ndani ya ndoo yenye kifuniko, akiifungua kila kituo ili kupulizia hewa kwa pampu ya baiskeli. Abiria walidhani amebeba nyoka.

Mimi nilikuja ili nimsaidie Mama Dama kazi za nyumba, maana binti yao Dama alikuwa ameshaanza masomo ya uuguzi Mombasa. Nilidhani kazi ni kufua, kupika na kuteka maji. Asubuhi ya kwanza Mama Dama aliniita karibu na tangi. Alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, amejifunga leso mbili, miguu imevimba. "Mwanangu," akasema, kwa kile Kiswahili chake cha pwani kilichofanya changu kisikike kama mawe kwenye debe, "hawa samaki usiwatie maanani sana. Samaki ana shida zake na atakwambia. Wewe tunza maji. Ukitunza maji, kila kilichomo kitajitunza." Nikauliza maji yanatunzwaje zaidi ya kufunikwa. Akacheka hadi akashika kifua. "Maji hayapendi kushtuliwa," akasema. "Si joto la ghafla, si baridi ya ghafla, si chumvi ya ghafla. Hata zuri, usiliingize kwa ghafla."

Hiyo ndiyo ikawa shule yangu. Kabla ya chai nilisoma kipimajoto, kwa sababu asubuhi za Kakamega hushuka baridi kuliko pwani na kile chuma cha kupashia maji kilikuwa kizee. Kisha nilitumbukiza kijiti cha kioo kinachoelea, nikaangalia kimezama hadi wapi, maana hapo ndipo chumvi inapojulikana. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kukauka, lakini chumvi haikauki, inabaki. Mtu asiyejua ataongeza maji ya chumvi, na kidogo kidogo atakuwa amewakaanga wote. Kinachorudishwa ni maji matupu, yasiyo na kitu. Kabla ya taa kuwashwa yaliingia na chokaa kidogo, ile safi kabisa, iliyokorogwa na kuachwa itulie mpaka juu pabaki maji meupe ya kuangaza, kisha ikateremshwa kwa mpira wa dripu, tone moja, kimya, tone jingine. Matumbawe magumu hujenga mifupa yao kwa chokaa hiyo. "Kwetu tunachoma matumbawe ya kale kupata chokaa ya kujengea nyumba," Mama Dama aliniambia. "Hapa nawalipa deni la nyumba ya babangu."

Dripu hiyo ilimpa jirani yetu, Mama Petronila, kicheko cha mwaka mzima. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Zamani alikuwa mpishi wa chang'aa anayejulikana hadi Matete. Kisha akaokoka, akavunja mitungi yake mbele ya mchungaji, na tangu hapo hakuna kazi ya kanisa aliyoikosa. Nilimsikia siku moja jikoni, akidhani nimelala, akimenya viazi vitamu na mwenzake. "Mimi nimeona kwa macho yangu. Nathani amewekea samaki dripu."

"Wanaugua nini?"

"Nitajua aje? Labda malaria. Na yule msichana anakaa hapo kama sista wa wodi, anahesabu matone."

"Na hawaliwi?"

"Hawaliwi. Wanaangaliwanga tu. Hata imondo ya kuku ingekuwa imeiva mara ngapi."

Imondo ni firigisi, kipande anachowekewa mgeni wa heshima. Niliamka nikacheka nao. Lakini lile jambo la maji matupu ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Maji ya mfereji yalikuwa na dawa, ya mto yana matope na mbolea ya miwa, na ya mabati, ambayo boma zote za kwetu huyategemea, Khotsa hakutaka hata tone. "Mabati yanatoa kitu kwenye maji," aliniambia. "Sisi tunakunywa na tunaishi. Konokono hawezi, na tumbawe hawezi." Kwa hiyo nyuma ya nyumba, mahali pasipo mti wala paa, alikuwa amesimamisha nguzo nne za mkaratusi na kutandaza karatasi kubwa ya nailoni, imelegea katikati, na tundu lake likielekea kwenye pipa la bluu. Mvua ya kwetu huja karibu kila alasiri, na kila ilipokuja nilikimbia na kuliondoa pipa. Mvua ya kwanza ni ya kuosha nailoni, inamwagika ovyo. Ukishasikia mlio wake umebadilika, kuwa mzito na wa namna moja, ndipo unasukuma pipa mahali pake. Nililowa sana mwaka ule. Na nadhani pale, chini ya mvua, nikingoja ile ya kwanza ipite, ndipo nilipoanza kuomba bila kuomba kitu.

Jioni tulikula pamoja hapo hapo mbele ya kioo, obusuma, ugali wetu, na mrenda, na Mama Dama, ambaye hakuwahi kuuzoea mrenda, akiuvuta kwa kijiko na kusema unamkimbia. Khotsa alizima taa ya chumba ili ibaki ile ya bluu ya tangi, nyuso zetu zikawa kama za watu walio chini ya maji. Mama Dama alisimulia kwao: jinsi maji yanavyorudi nyuma mpaka watoto wanatembea kwenye mwamba, na harufu inayotoka pale. Aliniambia jambo moja zaidi ya mara moja, na Khotsa alilisikia pia. "Nilipoondoka, kaka yangu Karisa alikataa kula. Alisema bara hawatajua kunitunza. Nikifa, watu wangu watakuja kunitazama nilipolazwa. Naomba wakija wamkute Bibi yu hai. Kaburi halisemi. Bibi atasema."

Alifariki mwezi wa Januari, alfajiri, bila kelele. Mvua ilikuwa imekoma kabla ya Krismasi, kama kawaida ya mwezi ule, na pipa lilikuwa limejaa, ndilo akiba yetu ya kiangazi. Boma likafurika watu. Waliolia walilia, waliopika walipika, na mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kufiwa na mtu wa karibu hivyo, nilijishikilia kwenye kazi moja. Nilikaa kando ya soketi. Vijana wa vipaza sauti walitaka kuchomoa pampu wachomeke mashine yao, wakakuta nimeegemea pale na mgongo. "Dada, hebu sogea, mchungaji anangoja."

"Mchungaji ana sauti. Samaki hawana."

"Hata marehemu angekubali."

"Marehemu ndiye aliyeniweka hapa," nikawaambia, wakaenda kuvuta waya kutoka kwa jirani. Watu wa Kilifi walituma ujumbe kwamba hawataweza kufika mazishini kwa sababu ya umbali, lakini wangekuja baadaye, Karisa akiwatangulia. Khotsa alipousikia ujumbe ule alitazama tangi, kisha akanitazama mimi.

Baada ya mazishi, watu wakiwa bado wengi, niliendelea na ratiba yangu. Maji yalikuwa yamepungua kwenye tangi, nikachota kwenye pipa, nikajaza mfuko wa dripu. Kesho yake nikafanya vivyo hivyo. Siku iliyofuata, nilipofungua pazia, niliona konokono wameanguka kutoka kwenye kioo, wamelala chali kwenye mchanga. Matumbawe magumu yalikuwa yamefunga midomo. Bibi alikuwa amejikunja akawa kama ngumi. Nilipima joto, liko sawa. Nilipima chumvi, iko sawa. Nikasimama pale nikiwa na kijiti mkononi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule niliogopa, kwa sababu kila nilichofundishwa kupima kilikuwa kinanijibu kwamba hakuna tatizo.

Khotsa alitoka chumbani akiwa na blanketi mabegani. Hakupima kitu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye pipa. Kitambaa cha kifuniko kilikuwa kimefungwa vizuri, lakini kwa fundo ambalo si langu wala lake. Akatia mkono mpaka chini, akautoa, akaniletea mbele ya macho kiganja chenye punje za kutu na jani moja la mkaratusi, ambalo haliwezi kuanguka kwenye nailoni yetu ila hushuka kwa mifereji ya paa. "Haya ni ya mabati," akasema. Akaketi juu ya jiwe la kufulia. "Omwiwa, haya ni ya mabati," akarudia, akiniita kama mjomba anavyomwita mtoto wa dada yake.

Nilikwenda jikoni. Mama Petronila alikuwa anakoroga nyoyo, mahindi yaliyochanganywa na maharagwe, katika sufuria kubwa ya matanga. Nikamuuliza taratibu kama kuna mtu aliyetumia maji ya pipa la bluu. "Mimi," akasema kwa furaha. "Siku ya mazishi mfereji ulikauka, na chai ya watu ingetoka wapi? Yalikuwa maji tamu sana, kila mtu aliuliza nimeweka nini. Lakini usiwe na wasiwasi, mama. Nilienda kwangu na akina dada, tukabeba kwa kichwa kutoka kwa tangi yangu ya mabati, tukajaza mpaka juu. Nikafunga na kitambaa. Mimi sijawahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa tupu, toka nizaliwe."

Kwetu mtu akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na mahindi, na likikosa mahindi linarudi na ndizi. Chombo kitupu ni kama kusema urafiki umekwisha. Mwanamke huyu alikuwa amebeba maji kichwani, kwa mlima, wakati wa matanga, ili asituaibishe. Nilirudi kwa Khotsa, nikamweleza. Akasema, "Usimwambie. Ametenda mema." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuweka mzigo chini, "Na sisi hatuna maji, omwiwa. Mvua ni ya Machi. Tungebadilisha maji ya tangi, lakini kwa maji gani? Tuache tu. Karisa akija atanikuta jinsi alivyosema."

Hapo ndipo kitu kiliponisimama moyoni. Nimekitafutia jina katika maisha yangu yote ya mafundisho. Haikuwa hasira, na sikupaaza sauti. Nilimwambia, "Khotsa, mimi siachi." Chumvi ya bahari tulikuwa nayo, gunia zima, ile iliyotengenezwa kwa matangi. Makaa maalum ya kusafishia nayo yalikuwapo, nikayatia kwenye kichujio saa ile ile. Kilichokosekana ni maji yasiyo na kitu, na mtu pekee aliyejua kila tangi na kila kisima cha kijiji kile ni yule yule niliyeambiwa nisimwambie. Niliomba ruhusa ya Khotsa kwa macho, akaitikia kwa kichwa, nikarudi jikoni.

Nilimweleza Mama Petronila yote. Aliweka mwiko chini. "Kwa hivyo mimi ndiye nimemuua Bibi wa Mama Dama," akasema.

"Hajafa, Mama. Amejikunja."

"Sasa munataka maji gani?"

"Ya mvua ambayo haijagusa kitu."

Akafikiri, macho yake yakiwa kwenye moto. Mvuke wa nyoyo ulikuwa umepanda ukagusa kifuniko cha sufuria, na matone yakawa yanateremka ukingoni. Nilimwona akiyatazama. "Maji ambayo haijagusa kitu," akasema polepole. "Hiyo nilikuwa natengeneza, miaka kumi. Tofauti ni kwamba yangu ilikuwa na moto ndani."

Mtu aliyeokoka hapendi kuonekana na vyombo vile, na ninajua alichokitoa siku ile kwa ajili yetu. Mitungi alikuwa ameshavunja, lakini maarifa hayavunjiki. Alisimamisha sufuria kubwa mbili nyuma ya nyumba. Ndani ya kila moja aliweka jiwe safi, na juu ya jiwe bakuli. Maji ya kawaida yakachemka chini, na juu ya mdomo wa sufuria akaweka karai lenye maji baridi, akaziba ukingo kwa udongo na majani ya migomba. Mvuke ukipanda unagonga tako la karai, unapoa, unadondoka katikati, ndani ya bakuli. Aliuliza kwanza kama shaba inaruhusiwa, maana angeweza kuazima bomba. Khotsa, aliyekuwa amesogea karibu bila sisi kumwona, akasema shaba ni mbaya kuliko mabati. "Basi tutaenda pole pole," akasema Mama Petronila, "kama mababu."

Kazi yangu ikawa kubadilisha maji ya karai kila yalipopata joto. Kuni za matanga zilizobaki ziliisha, tukachoma mabua. Matone yalikusanyika kwa uvivu kiasi kwamba mtu angeweza kukata tamaa kwa kuyatazama tu, kwa hiyo sikuyatazama. Nilisoma Neno kwa sauti, Mama Petronila akiimba pale alipojua wimbo unaofaa. Siku ya pili moshi ukamwita liguru, mzee wetu wa kijiji, ambaye alisimama kando ya mgomba na fimbo yake kwa muda mrefu.

"Mama Petronila," akasema, "si uliokoka?"

"Niliokoka, na ningali."

"Na hiyo?"

"Ni maji, mzee."

"Hata wakati ule ulikuwa unasema ni maji."

"Onja basi, ukanishtaki."

Akapewa kikombe. Akanusa, akanywa kidogo, akangoja, akanywa tena. "Hii haina hata ladha ya maji," akasema kwa huzuni. "Inafanya nini mtu akishakunywa?"

"Inamrudisha Mama Dama kwao," akajibu Mama Petronila. Liguru alivua kofia. Jioni alimtuma kijana na mzigo wa kuni.

Kila tulipopata ndoo, tulikoroga chumvi, tukayaacha maji yazunguke na pampu mpaka yawe maangavu, tukayapasha joto mpaka kipimajoto cha ndoo na cha tangi vikasema jambo moja, ndipo tukabadilisha. Ndoo moja tu. Mama Petronila alitaka tumwage yote mara moja kama mtu anayetapisha sumu, nikamwambia maneno niliyoachiwa: hata zuri, usiliingize kwa ghafla. Alinitazama kama anayemsikia marehemu. Matumbawe magumu hatukuyaokoa. Yaligeuka meupe, moja baada ya jingine, na Khotsa akayatoa kwa mikono yake. Samaki waliishi. Bibi alibaki ngumi, kisha ngumi ile ikavikwa utando mwembamba kama nta, na hakuna aliyejua kama ni sanda au ni nguo.

Bibi akiwa katika hali hiyo, Karisa alifika na wazee wawili. Walipelekwa kaburini kwanza. Kisha tukawachinjia ingokho, yaani kuku, Karisa akawekewa imondo kama mgeni wa heshima, akaila yote. Alikuwa fundi seremala, mkavu, mwenye macho ya dada yake. Alipomaliza kunawa alisimama mbele ya tangi. Khotsa alisimama nyuma yake, mikono ikining'inia, nikaona jinsi alivyozeeka tangu Krismasi.

"Ndiye huyu?" Karisa akauliza.

"Ndiye, shemeji. Amefunga. Maji yaliharibika wakati wa matanga. Tumejitahidi."

Karisa alisogea karibu. Aliinua kifuniko, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia maji, akavuta pumzi. Akachovya kidole, akakitia ulimini, akafumba macho. Tulikuwa sote chumbani, hata Mama Petronila, mlangoni, ameshika mdomo kwa leso. "Haya ni maji ya kwetu," akasema Karisa. Alikaa kwenye kile kiti cha kamba cha dada yake. "Nathani, mimi nilisema maneno siku ile. Kuchukua mtu ukamlisha, wengi wanaweza. Kumletea maji ya kwao mpaka huku milimani, na yeye amekwisha kufa bado mnayatengeneza..." Akaelekeza kidole kwa Bibi. "Huyu ana ngozi ya kubadilisha. Hufanya hivyo wakiudhika. Maji yakiwa sawa, mwenyewe ataamka."

Waliondoka Bibi hajaamka. Jambo hilo lilinihuzunisha wakati ule, na sasa namshukuru Mungu kwalo, kwa sababu kama angefunguka mbele ya wageni ningejifunza kuyafanya mema kwa ajili ya wageni. Mvua za Machi zilikuwa zimeanza kunguruma upande wa msitu nilipovuta pazia asubuhi moja nikakuta ule utando umechanika, unapeperushwa na mkondo wa pampu, na chini yake vidole vipya, vidogo, vya rangi ya uji, vikipunga. Nilimwita Khotsa. Alikuja na kikombe cha chai, akatazama mpaka chai ikapoa, kisha akaenda kuzifunga upya nguzo za nailoni. Mwaka haujaisha niliitwa chuoni. Aliyeipokea kazi yangu ya pipa ni Mama Petronila, kwa ombi lake mwenyewe, na Khotsa alinisimulia kwamba hakuwahi kulisukuma mahali pake kabla mvua ya kwanza haijapita.

Haya yote niliyawaza nimekaa kando ya tangi, jeneza likiwa upande wangu wa kulia na Bibi kushoto. Nje nilisikia wasichana wa jikoni wakilalamika kwamba mfereji umekauka tena. Kisha nikasikia fimbo ikigonga sakafu ya veranda, na sauti ambayo uzee umeipunguza upana lakini si umbali. Mama Petronila haoni vizuri siku hizi, ila anajua kila kitu kilipo katika boma hili.

"Mnabeba nini hapo?"

"Pipa la bluu, kukhu. Tunachukua maji ya chai," akajibu mmoja, akimwita kama mjukuu anavyomwita nyanya yake.

"Chukueni. Mwenyewe hangenyima watu chai. Lakini mkimaliza, mlirudishe tupu."

"Tupu, kukhu?" msichana mmoja akauliza. "Chombo cha watu tukirudisha tupu watasema nini?"

"Hapa hawasemi. Boma zingine zote mjaze. Hapa, lile moja, tupu. Mnasikia?"

Wakacheka kidogo, wakaitika. Alasiri, baada ya kumshusha Khotsa kando ya mkewe, nilikwenda nyuma ya nyumba. Pipa lilikuwa limerudishwa, limeoshwa, limegeuzwa kichwa chini kando ya nguzo, halina hata tone. Wingu lilikuwa limeshafika juu ya msitu. Niliamua hapo hapo kwamba sitarudi kwangu wiki ile, wala iliyofuata, mpaka Dama apate mtu nitakayemfundisha kazi ya maji. Nililigeuza pipa, nikalisogeza pembeni. Matone ya kwanza yakaanguka kwenye nailoni, nikasimama nikilowa, nikaiacha mvua ile ya kuosha ipite.